Wakuu, nijiunge na kundi la baiskeli la kasi au niendelee peke yangu?

Mnyororo Mkavu: Habari zenu wakuu. Naendesha baiskeli peke yangu muda mrefu, sasa nimedumaa, kasi haipandi. Kuna kundi la alfajiri, watu kama kumi, wanatembea kilomita 35 hadi 38 kwa saa. Nikiingia nitafaidika au nitaachwa njiani? Usingizi sipati.

Fundi Spoki: Utafaidika. Kwa kasi hiyo adui ni upepo: kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya kuupasua inazidi mara nane. Ukijibanza nyuma ya mwenzio unaokoa kama robo au theluthi ya jasho. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walipima msafara wa waendesha baiskeli 121, wakakuta wa katikati wanakutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upepo wa mtu aliye peke yake. Ninyi kumi msitegemee hayo. Faida hasa ni zamu ya mbele: unaungua dakika moja, unapisha, unapumua nyuma, unarudi tena. Peke yako utajihurumia.

Bi Gia: Mimi kundi lilinipa mume. Alinionyesha shimo kwa kidole, basi.

Mzee wa Breki: Hongera dada. Mleta uzi, peke yako unatembea ngapi? Umeliruka hilo.

Mnyororo Mkavu: 34 hadi 36, siku nzuri.

Mzee wa Breki: Siku nzuri ndiyo ipi?

Mnyororo Mkavu: Ile ya malori mkuu. Likipita lenye mzigo najibanza nyuma, linanivuta. Bila lori ni 27. Ila kupiga pedali napiga mwenyewe! Na Jumamosi nimeshawaahidi, viatu vya kunasa kwenye pedali nimenunua.

Bi Gia: Mungu wangu. Dereva hakuoni kwenye kioo, akishika breki wewe umo chini ya bodi.

Kisigino: Hii chai. Lori gani linatambaa 36 kila siku likikusubiri?

Mnyororo Mkavu: Si kwenye mlima mkuu, linaelemewa.

Kisigino: Mlimani na wewe unapanda kwa 36? Chai, tena haina sukari. Mwezi jana mwenzako alikuja na trekta.

Fundi Spoki: Chai au siyo chai, mtu wa 27 asianzie kundi la 38. Anza na la polepole, uzoee kutopenyeza gurudumu lako la mbele ubavuni mwa la nyuma la mwenzio. Mkigusana, yeye anaendelea na safari, wewe unalala na kuwaangusha walio nyuma yako. Usikodolee tairi lake, tazama mbele kupita bega lake. Breki ya ghafla mwiko.

Mnyororo Mkavu: Kwa hiyo Jumamosi nikae mwisho kabisa?

Bi Gia: Umeambiwa usiende, unauliza pa kukaa! Mwisho ndiko kubaya. Wa mbele akipunguza kidogo kwenye kona, wewe unakaribia kusimama, kisha unakimbiza pengo hadi mapafu yatoke.

Mnyororo Mkavu: Sawa, nitakaa wa tatu au wa nne.

Mzee wa Breki: Haya.

Kisigino: Ukirudi tuwekee picha ya lori.