Naanza mionzi wiki ijayo: metformini inaokoa mbegu?

Kijana wa Mbagala:
Wakuu, nina miaka 29, sijapata mtoto. Nimetolewa korodani ya kulia, majibu yakasema seminoma, aina ya kansa ya korodani. Sasa napangiwa mionzi ya tumboni, kwenye matezi ya nyuma. Shemeji ana duka la dawa, kaniambia nimeze metformini na vitamini E, eti zitalinda iliyobaki. Kwa daktari foleni ilikuwa hadi mlangoni, nikaona aibu kuuliza. Kuna mwenye uzoefu?

Bibie:
Metformini si ya sukari? Mama anameza, mwanzoni ilimharisha balaa. Na mionzi ya tumbo nayo inaharisha. Pole mdogo wangu.

Mzee wa Mashine:
Mimi kazi yangu ni chumba cha mionzi. Shemeji hajatunga: metformini, melatonini (homoni ya usingizi) na vitamini E zimejaribiwa, korodani zikaumia kidogo zaidi. Ila ni korodani za panya. Kwa binadamu hakuna kidonge kilichothibitishwa. Tena vitamini E usiiguse bila daktari. Kule Canada waliwapa wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi. Matokeo ya 2005 yalionyesha kwamba wakiwa bado wanameza, walizukiwa na kansa mpya zaidi kuliko waliopewa vidonge bandia.

Wewe korodani haipigwi moja kwa moja, inafikiwa na mionzi inayotawanyika. Matezi hupewa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 hadi 30, wakati sehemu ya kumi tu ya grei moja inatosha kupunguza mbegu kwa muda. Ndiyo maana tunaifunika kwa kikombe cha madini ya risasi. Ukilala mezani hujakiona, uliza kabla hatujatoka chumbani.

Muhimu kuliko yote: kagandishe mbegu KABLA ya siku ya kwanza. Dar na Nairobi kuna kliniki za upandikizaji mimba, piga simu uulize nani anagandisha na bei ya kutunza kwa mwaka.

Nguvu za kiume hujauliza, ila najua unaziwaza. Seli za homoni ni sugu zaidi ya zile za mbegu, kwa mtawanyiko huo mdogo usihofu.

Kijana wa Mbagala:
Asante sana mzee wangu. Nikimaliza, naweza kutafuta mtoto lini?

Mzee wa Mashine:
Kondomu kwanza. Wengi hushauri miezi 6 hadi 12, kisha upime shahawa. Na leo mpigie daktari, hata kama foleni inafika barabarani.