Gego la Mwanaidi, kwenye kikundi cha familia

JUMAMOSI

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa zangu. Naombeni ushauri. Lile gego la chini kulia nililoziba leo linatimiza wiki tatu. Siku za mwanzo maji baridi yalikuwa yanachoma, hayo yameacha. Lakini nikitafuna upande ule, hata wali mlaini, kuna pahala panagonga mpaka naruka. Na asubuhi naamka taya zote mbili zimechoka kama niliyetafuna muwa usiku kucha.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu, pole sana. Jino likishapitiwa na mashine halitulii tena hilo. Ling'oe upumzike.

Mjomba Kassim: Twanga karafuu, bandika palepale. Pole mwanangu.

Salma: Na Mama anameza diklofenaki kila siku, hawaambii tu.

Baba Salma: Ni kweli. Na usiku anasaga meno. Juzi nilishtuka saa 8 usiku nikidhani panya anaguguna kabati. Nikawasha taa, kumbe ni yeye. Kalala fofofo, taya linakwenda.

Mama Mkubwa: Kusaga meno ni minyoo! Mpeni dawa ya minyoo kabla ya yote.

Mwanaidi: Mie mwenyewe sisikii chochote jamani. Hamisi yuko wapi?

Hamisi (tabibu wa meno): Shikamooni nyote, nilikuwa na wagonjwa. Pole dada. Nijibu kwanza. Ukinywa chai ya moto, maumivu yanabaki hata baada ya kumeza? Jino linakuamsha usiku? Kuna uvimbe wowote, homa, au usaha kwenye fizi?

Mwanaidi: Chai nakunywa vizuri. Haliniamshi. Uvimbe hakuna. Ni kutafuna tu, na ule uchovu wa asubuhi. Na kichwa hapa pembeni, juu ya masikio.

Hamisi: Afadhali. Ungesema moto unaliacha likipwita, au uso umevimba, ningekwambia uende leo hii, maana hapo kiini cha jino kinakufa au usaha umeshaingia. Kwa unavyoeleza, nahisi dawa waliyozibia imezidi kimo. Unene wa unywele unatosha kuleta taabu yote hiyo.

Hamisi: Ulipozibwa ulikuwa na ganzi. Daktari alikwambia uma, ukauma, ukasema sawa. Ila mdomo wenye ganzi haujui unachokisema. Tena jino halikuchomekwa mfupani kama msumari kwenye ubao, limeshikwa na nyuzi laini sana zinazohisi hata punje ya mchanga kwenye mchicha. Kila ukitafuna zinapigwa, zinawaka. Mchana unalikwepa, unahamia kushoto. Usiku akili imelala, taya linalirudia hilohilo kwa nguvu ambayo ukiwa macho usingethubutu kuitumia.

Hamisi: Jipime sasa hivi. Weka vidole mashavuni chini ya masikio, uma meno. Msuli unaotuna hapo, ubonyeze. Kisha toa ulimi mbele ya kioo uangalie kingo zake.

Mwanaidi: Subhanallah. Msuli unauma pande zote mbili. Na ulimi una mabonde mabonde pembeni, kama ukingo wa chapati iliyobanwa kwa vidole.

Hamisi: Ni alama za meno hizo. Unabana sana, pengine hata mchana. Mama Mkubwa, kwa heshima zote, hapa minyoo haihusiki. Hata watoto husaga meno bila kuwa na mnyoo hata mmoja, na wengi huacha wenyewe wakikua. Mjomba, karafuu mbichi ikikaa kwenye fizi inaiunguza, tutapata kidonda juu ya maumivu. Na diklofenaki dada uiache, wewe una presha. Inaipandisha, na tumbo inalichoma.

Mama Mkubwa: Sasa si ndiyo bora ling'olewe kuliko tabu hizi?

Shangazi Fatma: Nilikuwa nasoma tu, ila hapa niseme. Mwanaidi, usikubali kung'oa. Mimi niling'oa la kwanza nikiwa na ujauzito wa Rashidi, kwa maumivu hayahaya ya kutafuna. Mwezi haukupita, la jirani likaanza. Nikang'oa na hilo. Maumivu yakahamia juu. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia nasaga meno, namkatalia. Mapengo yapo mpaka leo, lile la juu limeshuka kwenye uwazi, na nyama natafunia mbele kama mtoto. Meno yangu yalikuwa mazima, mwanangu. Nayalilia.

Mama Mkubwa: Fatma, hukuwahi kuniambia hili.

Shangazi Fatma: Niliona aibu, dada.

Hamisi: Pole sana shangazi, na ahsante kwa kulisema. Dada, Jumatatu rudi palepale ulipozibiwa. Usiwaambie "jino linauma" ukaishia hapo, utapewa antibiotiki, na kimo hakishushwi na vidonge. Sema: "Naomba mnipime ninavyouma, naona limezidi."

JUMATANO

Mwanaidi: Nimetoka sasa hivi. Kanipa karatasi nyembamba ya buluu niume na kusaga huku na huku. Kanionyesha kwa kioo: meno mengine yana vidoa hafifu, hili lina doa moja zito kama tone la wino. Akalilainisha kidogo, akapima tena, mara tatu. Sindano hakuna, hata dakika 10 hazikufika. Nilipouma mara ya mwisho, pande zote mbili zilifika pamoja. Machozi yalinitoka.

Baba Salma: Alhamdulillah.

Hamisi: Zile nyuzi zipe siku kadhaa, hata wiki mbili, vyakula laini. Na kinga ya usiku, ile plastiki ya kuvika meno ukilala?

Mwanaidi: Wamechukua umbo la meno kwa kitu cha waridi kama unga uliokandwa. Itakuwa tayari wiki ijayo.

Hamisi: Ioshe kwa maji ya baridi, ya moto yataipinda. Haitakuzuia kusaga, ila utasaga plastiki badala ya jino. Na mchana jikumbushe: midomo imefungwa, meno yameachana. Yanatakiwa kukutana kwenye kutafuna na kumeza, basi. Kahawa ya jioni ipunguze. Halafu nikuulize, hii hali imeanza lini?

Baba Salma: Nijibu mimi. Tangu tulipomzika mzee na akaanza kushughulikia mirathi. Kila akitoka mahakamani halali vizuri. Kila kikao yuko peke yake na lile faili.

Shangazi Fatma: Peke yake? Na sisi wote tupo?

Mjomba Kassim: Mwanaidi, kikao kijacho lini?

Mwanaidi: Tarehe 14, mjomba. Saa 3 asubuhi.

Mjomba Kassim: Nitakuwa hapo mlangoni saa 2 na nusu, tuingie pamoja. Lile faili mpe Salma aniletee leo jioni nilisome.

Salma: Nakuja nalo, babu.