Tupeane uzoefu: uliyejitengenezea taa ya kuning'inia, ilikugharimu nini na yapi yalikukuta?

Mzee wa Kawa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nimehamia kwangu huku Kigamboni, nyumba haijaisha ila inalalika. Juu ya meza ya chakula kulikuwa na holda tupu inaning'inia, balbu inawachoma watu macho. Mke wangu akanionyesha picha ya taa ya ukili. Dukani nikaambiwa 160,000. Nikaishika, nikaigeuza, nikacheka peke yangu. Ni kawa. Kawa la kufunikia chakula, limepitishwa waya tu.

Kesho yake nikashuka Kariakoo. Kawa lisilotiwa rangi 6,000, holda 2,500, waya laini mita mbili 3,000, kile kikombe cha darini kinachoficha viungo 2,000, balbu ya LED ya wati 7 kwa 4,000. Jumla 17,500.

Sasa ujinga wangu. Nilikata ncha ya kawa kwa wembe ili nipitishe holda. Ndugu zangu, kawa ni utepe mmoja wa ukili unaozunguka kuanzia pale kwenye ncha na kushonwa mpaka chini. Ukikata ncha umekata mwanzo wa kazi yote. Kufika usiku mizunguko mitatu imeshafumuka. Nikachukua sindano ya magunia na uzi wa nailoni, nikashona ukingo wa tundu upya. Halafu nikakata duara mbili kutoka kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi, kila moja na tundu la milimita 40 hivi, nikalibana kawa katikati yake. Hapo ndipo nikagundua holda niliyonunua haina ile pete ya kukazia kivuli cha taa, yaani kawa lenyewe. Safari nyingine ya Kariakoo, 2,500 nyingine. Kwa hiyo semeni 20,000, nauli ya kivuko sijaihesabu.

Ikawashwa. Ukutani mishono yote ikachoreka, mwanga rangi ya asali. Mama mkwe alipokuja akaangalia juu muda mrefu, akauliza, "Kwani huko mmefunika nini?"

Haya, na nyie leteni zenu. Bei na makosa, msifiche.

Pwani Mchangani

Kaka, wewe na kawa, mie na dema, ule mtego wa samaki. Niko Mombasa. Hoteli za huku zatundika madema kama taa, nikaona kwani mie nina nini? Mjomba wangu ni mvuvi, akanipa dema lake kuukuu bure. Nikalisugua kwa sabuni na ndimu, nikalianika siku tatu juani. Harufu kwisha kabisa, wallahi.

Nikatia balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani. Baada ya nusu saa sebule nzima yanuka kama bandari ya samaki. Joto lile liliamsha kila changu aliyewahi kuingia humo. Wageni walikuwa washaketi.

Nilimwendea msukaji, akanisukia dogo jipya la fito, halijaona maji. Nikatia LED, haipati joto la maana. Kilichonikera ni nyaya nilizofungia, si zile za umeme: hewa ya chumvi ilizitia kutu ndani ya miezi michache, nikabadilisha na kamba ya usumba. Afadhali hiyo, na yapendeza zaidi.

Mama Wawili

Mimi nilitumia puto. Unalipuliza, unalizungushia kamba nyembamba ya katani iliyolowekwa kwenye gundi, ikikauka unalipasua, unabaki na tufe. Niliambiwa gundi ya unga wa ngano inatosha, hivyo sikununua kitu, nikakoroga uji mzito nikaweka.

Puto la kwanza lilinywea usiku, asubuhi nina kitu kama embe lililokanyagwa. La pili likakaa vizuri. Nikalitundika chumba cha watoto, tukalifurahia wiki mbili. Siku moja nawasha taa usiku naona vivuli vinatembea ukutani. Mende! Wanakula gundi. Unga ni unga jamani, hata ukiwa juu darini.

La tatu nilitumia gundi nyeupe ya mafundi seremala, nimeichanganya na maji kidogo, na puto nikalipuliza kiasi tu lisije likapasuka kwa jua la Morogoro. Nililiacha siku mbili kabla ya kulipasua. Hilo lipo mpaka leo.

Chupa za kukata msinijaribie. Nimepasua sita.

Fundi Testa

Nimekuwa nikisoma kimya, naomba niingie. Vivuli vyenu vizuri sana, lakini mnapita haraka kwenye umeme.

Niliwahi kuitwa nyumba moja, taa ya jikoni "inauma". Mwenye nyumba alitoboa chujio la bati kwa msumari, akapitisha waya humo humo. Kingo za tundu zilikuwa kama meno. Kila upepo ukiingia dirishani taa inacheza, bati linakwangua waya, mpaka shaba ikagusa chujio. Binti wa kazi akaenda kulifuta kwa kitambaa kibichi. Mungu alisaidia akarushwa nyuma, hakung'ang'ania. Tundu lile lingewekwa pete ya mpira, ambayo ni pesa ya maandazi, na bati likaungwa kwenye waya wa ethi, ule wa kijani na njano, nisingeitwa.

Pia nilifungua kikombe cha darini nikakuta waya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kipande cha mfuko wa nailoni. Konekta ipo, jamani.

Mambo yangu mengine: zima main swichi, usiridhike na swichi ya ukutani. Kuna nyumba nyingi swichi imefungwa kwenye nyutro, taa imezima lakini holda bado ina moto. Kisha hakikisha kwa testa. Kwenye holda ya skrubu, waya wa moto (wa kahawia) uende kwenye ulimi wa katikati, wa bluu kwenye ule mviringo wa nyuzi. Piga kifundo ndani ya kikombe na ndani ya holda, uzito ubebwe na kifundo, sio na skrubu ndogo. Na kulabu ifunge kwenye blandaringi, zile mbao za fremu ya dari, usiamini ubao wa jipsamu. Kuvuta laini mpya darini, mwite mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania.

Baharia Mkavu

Fundi, na hili: kaka yangu aliniletea kutoka Marekani balbu nzuri ya mapambo, nyuzi zinaonekana ndani. Ikaingia kwenye holda yangu vizuri kabisa. Nikawasha, ikatoa mwanga kama wa kamera, ikafa hapo hapo. Imeandikwa 120V, kwetu ni 230. Sikuwahi kusoma maandishi ya balbu maishani mwangu.

Mzee wa Kawa (mleta mada)

Fundi, nimekusoma nikapanda ngazi usiku huu huu na tochi ya simu. Kifundo hakikuwepo. Sasa kipo.

Pole Baharia. Mama Wawili, mende umenivunja mbavu.

Aliyeniuliza inbox kuhusu urefu: ukingo wa chini nimeuacha sentimita 75 juu ya meza. Mwanzo ilikuwa 50, tukawa tunaongea kwa kuchungulia. Vumbi nalitoa kwa brashi ya rangi kavu kila Jumamosi.

Pwani Mchangani

Na lile kawa la kwanza uliloliharibu?

Mzee wa Kawa (mleta mada)

Hakukuwa na la pili, ni hilo hilo moja. Ila mama mkwe ameshaniagiza: siku tukilichoka tusilitupe, atashona tundu alirudishe mezani.