Spika ya Mama na akaunti ya Kaka Idi

Kassim: Jamani nani kachezea taa za Mama usiku? Saa nane hivi nyumba nzima imewaka, mpaka stoo. Mama katoka chumbani na fimbo

Saada: Mungu wangu. Wezi?

Kassim: Hakuna mwizi. Milango imefungwa yote. Mimi naishuku hiyo spika ya kuagizwa kwa mdomo

Idi: Siyo spika. Umeme ulikatika saa 7:52, ukarudi saa 8:06. Balbu janja, hizi za kuwashwa kwa simu au kwa sauti, nyingi zikipata umeme upya zinawaka zenyewe, ndivyo zilivyotengenezwa, ili mtu akibonyeza swichi ya ukutani apate mwanga kama balbu ya kawaida. Kuna mahali kwenye programu unaziagiza zirudi kama zilivyokuwa kabla umeme haujakatika. Nabadilisha sasa hivi, halitajirudia

Kassim: Sawa kaka. Hebu badilisha na ya stoo

Saada: Subiri kwanza. Kaka, wewe uko huko mbali. Umejuaje umeme ulikatika saa 7:52?

Idi: Programu inaonyesha. Vifaa vyote vilipotea pamoja, vikarudi pamoja. Hiyo lazima ni umeme

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:47)

Kassim: Kwa walio kazini, Mama anasema hivi: "Idi, shikamoo yako ya asubuhi niliipokea. Sasa nijibu. Unaona na nini kingine? Juzi uliniuliza mbona nimechelewa kulala, nikasema mwanangu ananiwaza. Kumbe ulikuwa unasoma." Halafu kuna dakika nzima ya kuguna

Idi: Ujumbe huu umefutwa

Saada: Tumeshausoma 😂

Idi: Mama, mimi sikuchungulii. Kila kitu kikiwashwa programu inaandika yenyewe. Taa ya korido, taa ya bafuni, kitasa cha mlango wa mbele, spika. Vyote viko kwenye akaunti yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuja kuvifunga, na wakati ule Mama ulisema hutaki mambo ya kusajili

Mama: Taa ya bafuni

Mjomba Athumani: Hapo sasa

Nuru: Shikamooni wote. Bibi, kuna zaidi ya taa. Ukiiagiza spika kitu, maneno yako yanabaki kwenye historia ya akaunti, na mara nyingi hata sauti yenyewe inabaki. Mwenye akaunti akitaka anabonyeza anakusikia ukiuliza saa ngapi

Saada: Marahaba. Nuru hebu usimtishe Bibi yako

Nuru: Simtishi mama, ndivyo ilivyo. Na kuna kingine, sijui kama Mjomba Idi amekiwasha. Baadhi ya spika zina simu ya kuingia bila kupokelewa. Mtu uliyemruhusu akipiga, mazungumzo yanafunguka hapohapo, hakuna wa kusema haloo

Rashidi: Mimi nimesema siku nyingi. Hizo spika zinarekodi saa 24 na kupeleka kwenye kampuni. Mtu akinicheka ndani ya kikundi hiki akumbuke

Idi: Hiyo ya kuingia nimeiwasha, ndiyo. Na sababu ninayo. Mama akianguka bafuni, simu iko kitandani, atampigia nani? Spika ikiwa koridoni napiga, nasikia, namwita Kassim. Mwaka jana aliteleza akakaa chini mpaka Kassim alipotoka kazini. Hilo limesahaulika?

Saada: Halijasahaulika kaka. Ila ungemwambia

Idi: Nilimwambia

Mama: Uliniambia nitaweza kukupigia mimi

Kassim: 🙈

Mjomba Athumani: Dada, pole. Idi nia yake njema, hilo siwezi kumnyima. Lakini mtu mzima anawekewa mlango ambao funguo anayo mwingine, halafu haambiwi mlango upo. Hata mimi ningetoka na fimbo

Rashidi: Na kurekodi je? Mbona mnaruka

Nuru: Baba, hairekodi saa 24. Ndani ya spika kuna kijisehemu kinachosikiliza jina lake tu, hapohapo ndani, na sauti inayopita inafutwa papo kwa papo. Ikidhani imeitwa ndipo taa yake inawaka na sauti inapelekwa kwenye seva za kampuni ili ieleweke. Tatizo liko kwenye "ikidhani". Inakosea. Runinga ikitaja neno linalofanana, inaamka

Rashidi: Enhe

Nuru: Januari 2017 kuna mtangazaji wa runinga San Diego alisimulia habari ya mtoto aliyeagiza nyumba ya mwanasesere kupitia Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon. Aliporudia maneno yale hewani, watazamaji wakalalamika kwamba spika zao majumbani zimejaribu kuagiza pia. Ndiyo maana ununuzi kwa sauti unazimwa siku ya kwanza, au unawekewa namba ya siri

Rashidi: Na kwenye kampuni zinakaa hizo sauti

Nuru: Zinaweza kukaa, inategemea ulivyopanga. Unaweza kuzifuta au kuagiza zisihifadhiwe. Lakini kuzuia zisitumwe kabisa ni habari nyingine. Machi 2025 Amazon iliondoa chaguo lililowaruhusu baadhi ya watumiaji wa Echo, spika zake, kuzuia sauti zao zisitoke ndani ya kifaa. Kwa hiyo hofu yako baba ina msingi, ni hiyo saa 24 tu ndiyo umeizidisha

Rashidi: Nashukuru kwa nusu ya haki yangu

Kassim: Wakati mko hapo, mimi nataka kubadili nywila ya waifai, vijana wa jirani wamejaa

Idi: USIBADILI

Nuru: Mjomba Kassim usiguse

Kassim: ?

Idi: Kila balbu na kila swichi inaikumbuka nywila ya zamani. Ukibadili, vyote vinabaki nje na inabidi kimoja kimoja kiingizwe upya. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wawashie vijana huo, kisha uuzime wakishaondoka

Kassim: Lakini nywila ya zamani si wanaijua tayari

Nuru: Basi tukiamua kubadili tubadili siku ile ile ya kupanga kila kitu upya. Siyo leo

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Nuru: Naandika mimi safari hii. Bibi anasema:

"Nisikilizeni. Mashine sitaki iondolewe. Magoti yangu yanaijua faida yake kuliko nyinyi nyote. Zamani nikiamka usiku napapasa ukuta mzima kutafuta swichi, sasa nasema taa inawaka kabla sijashusha mguu. Dawa inanikumbusha, hainisahau kama Kassim. Redio napata bila kubonyezabonyeza. Kwa hiyo Rashidi asije na bisibisi yake. Ninachokataa ni kuishi kwangu kama mgeni. Idi akibonyeza huko, taa yangu huku inazimika. Akitaka kufungua mlango wangu anafungua. Siku akikasirika na mkewe akisahau nywila, mimi nitakaa gizani. Nyumba ina mwenyewe. Hiyo akaunti iwe na jina langu, na yeye aje kama anavyokuja nyumbani, abishe hodi. Na kitu cha kuingia bila kupokelewa kizimwe leo. Leo, siyo kesho."

Saada: 👏👏👏

Mjomba Athumani: Dada umemaliza

Idi: Nimezima sasa hivi. Kassim hebu jaribu kuangalia

Kassim: Nimeangalia kwenye simu ya Mama, imezimwa kweli

Idi: Mama, nakuomba kitu kimoja. Nikae bila kujua chochote, siku nzima, roho yangu itakuwa wapi?

Mama: Nitakupa taa ya varanda. Naiwasha mwenyewe jioni. Hiyo uione

Idi: Na isipowaka?

Mama: Piga simu kama watu

Saada: Hii inawezekana Nuru? Aone taa moja tu?

Nuru: Inategemea mfumo. Ipo mifumo ambayo ukimwalika mtu anaona nyumba nzima, na ipo inayokuruhusu kumgawia baadhi. Ikishindikana kuna njia rahisi: kwenye akaunti ya Bibi tunapanga kwamba taa ya varanda ikiwaka, arifa itumwe kwa Mjomba Idi. Hapo haoni programu kabisa, anapata ujumbe mmoja tu kwa siku

Idi: Hiyo nzuri. Nakubali

Rashidi: Tukirudi kwenye kitasa. Mtu akisimama dirishani akapiga kelele "fungua mlango", si unafunguka?

Idi: Haufunguki. Kufunga kwa sauti kunaruhusiwa, kufungua kunadai namba ya siri. Na kwa Mama sijawasha kabisa kufungua kwa sauti

Nuru: Iachwe hivyohivyo, maana namba yenyewe unaitamka kwa sauti na aliye barazani anaisikia. Kuna watafiti wa Marekani na Japani mwaka 2019 walionyesha kwamba hata mwanga wa leza ukielekezwa kwenye maiki ya spika, unaweza kupokewa kama sauti. Walifanikiwa kutoka umbali wa mita 110

Mjomba Athumani: Mwizi ninayemjua mimi hana leza, ana mtaimbo. Spika isikae karibu na dirisha, basi. Tuingie kwenye umeme, ndiyo kazi yangu. Dada, wageni wako wakitoka chooni wanafanya nini?

Mama: Wanazima swichi. Kisha mimi nikiagiza taa inaniambia kifaa hakijibu. Kila mara

Mjomba Athumani: Itajibuje na imekatiwa umeme? Hiyo ndiyo shida ya kuweka ujanja ndani ya balbu. Balbu janja inataka swichi ya ukutani iwe imewashwa muda wote, na huwezi kumfundisha kila mgeni. Nilimwambia Idi tangu mwanzo. Ujanja uwekwe kwenye swichi, balbu ibaki balbu. Mgeni anabonyeza ukutani kama kawaida, Dada anaagiza kwa mdomo, na intaneti ikikatika swichi bado inabonyezeka. Nyumba isiyowaka kwa kidole mimi siihesabu kuwa ina taa

Idi: Mjomba, balbu zilikuwa hazihitaji fundi, ndiyo sababu

Mjomba Athumani: Sasa fundi unaye. Kuna sharti moja. Swichi janja nyingi zinataka waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, na nyumba nyingi kisanduku cha swichi hakina nyutro, kina waya unaoleta moto na unaoupeleka kwenye taa basi. Zipo swichi zisizodai nyutro, ila huwa zinapitisha umeme kidogo hata taa ikiwa imezimwa, na balbu ya LED yenye wati chache inaweza kumemeta usiku au kubaki na kamwanga. Wanauza kakifaa ka kufunga sambamba na taa kuzuia hilo. Sinunui chochote kabla sijaona ndani ya kisanduku

Saada: Mimi nachangia swichi ya choo na ya korido

Nuru: Na zikinunuliwa tuangalie boksi lina alama ya Matter. Ni kiwango kilichotoka 2022, Amazon, Apple, Google na Samsung wote wamo. Kifaa chenye alama hiyo kinaweza kuwa chini ya mifumo miwili kwa wakati mmoja, na amri zinapita ndani ya nyumba bila kwenda kwenye seva. Spika ndiyo bado inahitaji intaneti ili kuelewa maneno

Kassim: Balbu za sasa hazina alama hiyo, nimeangalia maboksi. Isipokuwa ya varanda

Idi: Basi zilizobaki nazitoa kwenye akaunti yangu, kisha Kassim anaziingiza kwa Mama. Spika yenyewe inafutwa usajili halafu inaanza upya. Na majina tupange vizuri. Sasa hivi kuna "taa ya sebule", "taa ya sebuleni" na kikundi kinaitwa "sebule". Mama akiagiza moja inawaka nyingine

Mama: Nilidhani ni ukaidi

Nuru: Tena Bibi, siku hiyo nitakuonyesha kitufe cha kuzima maiki juu ya spika. Wakija wageni wa mazungumzo ya siri unakibonyeza, taa nyekundu inawaka, hata uiite vipi haikusikii

Mama: Hicho ndicho mlipaswa kunionyesha siku ya kwanza

Saada: Mama unayo barua pepe ya kusajilia?

Mama: Ninayo. Kassim alinifungulia. Nywila iko nyuma ya kalenda, ni jina la

Saada: MAMA USIANDIKE HAPA

Kassim: 😂😂 nitaibadilisha hiyo

Mjomba Athumani: Kassim, picha ya kisanduku cha choo. Zima swichi kuu kwanza, ya ukutani haitoshi. Kisha pima kwa testa kabla hujaingiza kidole

Kassim: Mama anasikiliza taarifa ya habari. Naizima ikiisha

Kassim: 📷 Picha

Mjomba Athumani: Sogea. Hiyo ni vumbi tupu

Kassim: 📷 Picha

Mjomba Athumani: Waya mbili. Hakuna nyutro. Sasa fungua na ya korido, ile ina swichi mbili za taa moja, nayo itatusumbua zaidi