Wauza filta za maji Arusha mnatuumizia watoto! Nimeuziwa filta ya kutoa tope nikaambiwa inatoa floridi

Wakuu habari za jioni, naandika hapa nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mnivumilie nikirukaruka.

Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, wanaopajua washaelewa. Meno yangu ni ya kahawia tangu yanaota kwa sababu ya floridi, madini yaliyozidi kwenye maji ya huku kwetu, picha ya harusi yangu yote nimefunga mdomo, na mpaka leo nikicheka mkono unaenda mdomoni wenyewe. Nilipopata mtoto nikaapa huyu hatapitia hayo. Sasa hivi ana miaka 4, na meno yake ya ukubwani yanajengeka humo humo kwenye fizi miaka hii mpaka kwenye 8 hivi, yakiota yameshaharibika ndo imetoka hiyo, uswaki usiswaki hayarudi. Yaani miaka ya kumlinda ndo hii.

Basi mwaka jana mwezi wa tatu nikaenda duka moja la vifaa vya maji mjini, jina silitaji, nikamweleza jamaa wa pale kila kitu, nikamwambia kabisa mimi shida yangu siyo tope wala harufu, shida yangu ni floridi na nina mtoto mdogo. Akanitolea filta ya kufunga chini ya sinki, chupa tatu zimepangwa na kakoki kake kadogo ka pembeni. Akachukua kale ka mita kanakofanana na kalamu akakachovya kwenye glasi ya maji ya bomba kakasoma 600 na kitu, halafu akakinga maji kwenye mashine iliyokuwa imefungwa pale kaunta akakachovya, 28. "Unaona kaka, hapo kila kitu kimetoka, floridi ndo usiseme." Nikalipa laki tatu na themanini, ufundi elfu hamsini juu.

Miezi 14 tumekunywa hayo maji wakuu. Nyumbani nilitoa amri, maji ya kunywa, ya uji, ya chai, ya kupikia, yote kakoki kadogo, chupa ya mtoto ya shule inajazwa pale kila asubuhi. Hata magadi kwenye makande nikayapiga marufuku maana nayo yana floridi, mama mkwe akanuna wiki nzima nikavumilia.

Juzi ndo nikaamua kupeleka maji maabara, chupa mbili, moja ya bomba moja ya filta. Majibu: bomba miligramu 4.6 kwa lita, filta 4.5. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 1.5. Nilisoma ile karatasi nimesimama pembeni ya pikipiki nikashindwa hata kuiwasha. Nne nukta tano! Mwanangu kanywa miezi 14 nikiamini nimemuokoa.

Nimekaa siku tatu nasoma na kuulizia kwa watu wanaojua maji, nimegundua nilichouziwa ni nini. Chupa ya kwanza ni ile katriji nyeupe kama sufi, kazi yake kushika tope, mchanga na kutu. Ya pili na ya tatu ni mkaa wa kawaida, huo unashika klorini, harufu na ladha mbaya, basi. Floridi ya huku kwetu inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima Meru, imeyeyuka kwenye maji kama chumvi kwenye mchuzi, inapita kwenye huo mkaa kama haujauona. Mkaa unaokamata floridi ni ule wa mifupa iliyochomwa, ambao pale Ngurdoto wameufanyia utafiti miaka na miaka, au uwe na mashine ya RO (reverse osmosis), ile inayosukuma maji kwa presha yapenye kwenye membreni, yaani utando wenye vitundu vidogo mno, hiyo ikiwa nzima inatoa kama asilimia 85 mpaka 95. Na ile mashine ya kaunta aliyokinga maji ya 28 ndo ilikuwa RO! Alinionjesha ya kwake akaniuzia nyingine. Nimeazima hiyo kalamu kwa jirani nikapima kwangu, bomba 612, filta 607. Kalamu yenyewe haipimi floridi, inapima jumla ya vilivyoyeyuka, lakini namba isiposhuka ujue humo hamna membreni.

Na haijaisha. Kila miezi sita alikuwa anakuja fundi wao kubadilisha katriji, elfu sitini na tano kila safari. Ananiambia bosi usihangaike kusimama hapa, anajifungia jikoni nusu saa anatoka na mfuko mweusi. Jana nimefungua chupa mwenyewe, nikaichomoa ile ya sufi, ina utelezi wa rangi ya udongo ukiibonyeza inatoa uji wa tope, na kwenye kitako chake kuna alama ya X ya makapeni nyekundu. Ile X niliiweka mimi siku ya kwanza kabisa inafungwa! Alikuwa anaisuuza na kuirudisha, hela ya mpya anachukua. Mara mbili, laki na thelathini, kwa kusuuza.

Halafu kuna watu watakuja hapa kuniambia si ungechemsha tu. Jamani kuchemsha kunaua vijidudu, floridi haitoki na mvuke, maji yanapungua yenyewe inabaki, inazidi kuwa kali. Tuache kudanganyana.

Kwa anayetaka kununua sasa hivi, usisikilize maneno ya kaunta, inama uangalie mipira. RO ya kweli lazima iwe na mpira mwembamba wa kumwaga maji taka unaoenda kwenye bomba la kutolea maji machafu la sinki, na huwa ina tanki dogo la kuhifadhi. Ukiona chupa tatu tu na hakuna mpira wa kumwaga, hiyo siyo RO hata wakikuapia, nyingi ni za tope na harufu tu. Pia wauzaji hawasemi kuhusu presha, simtanki juu ya mnara wa mita 3 linakupa baa 0.3 tu wakati membreni inataka baa 3 na kuendelea, kwa hiyo bila pampu yake utakinga matone, bajeti ya pampu na umeme iwepo. Kila lita moja safi itamwaga kama tatu hivi, hayo ya kumwaga pigia deki, flashia choo, lakini asinywe mtu wala ng'ombe maana floridi yote imebaki humo. Katriji ya sufi miezi sita, masika maji yakija na tope hata mitatu, za mkaa miezi sita mpaka mwaka, membreni miaka miwili mitatu, na maji yenyewe uyapeleke maabara angalau mara moja kwa mwaka. Fundi akija simama naye hapo hapo, katriji mpya aifungue nailoni mbele yako na ile ya zamani akuachie wewe.

Jumatatu asubuhi narudi pale dukani na karatasi ya maabara na ile katriji yenye X. Nataka hela yangu yote, ya filta, ya ufundi na ya hizo sevisi hewa, wakileta ubishi naenda kufungua malalamiko rasmi, risiti ninazo zote.

Wa Usa River, Maji ya Chai, Ngaramtoni na kote huku mliofungiwa chupa tatu kama mimi, inameni chini ya sinki leo mwangalie kama kuna huo mpira wa kumwaga, mniambie hapa mliuziwa kwa maneno gani. Na mwenye kujua wapi nitapata RO ya ukweli yenye pampu, na inauzwaje, anisaidie haraka, kwa sasa mtoto namnunulia maji ya duka na kila nikisoma lebo naangalia floridi kwanza.