Naomba ushauri: nimeahidi chakula cha asili cha Kanda ya Ziwa, naambiwa karibu chote kimetoka ng'ambo

Mpishi wa Kirumba (mleta mada)
Wadau, habari za jioni. Kuna mgahawa wetu mdogo hapa Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na ubao wake umeandikwa "Vyakula vya asili vya Kanda ya Ziwa". Mwalimu mmoja mstaafu wa historia ametuagiza chakula cha sherehe ya familia yake. Nilimpelekea orodha yenye ugali, sato wa kuchemsha, michembe ya karanga, maharage, kisamvu na kachumbari. Ameirudisha ikiwa na jina la nchi pembeni ya kila mstari, Meksiko hapa, Brazili pale, na chini yake ameandika kwamba bado anasubiri chakula cha asili. Nimjibu vipi kwa heshima bila kuipoteza kazi hii? Sherehe ni wiki ijayo.

Mkulima wa Magu
Ndugu, mwalimu hajakuonea. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko takribani miaka 9,000 iliyopita, na huku Afrika hayakujulikana hadi meli za Wareno zilipoyaleta katika karne ya 16. Mihogo pamoja na kisamvu chake, karanga, maharage, viazi vitamu, nyanya na pilipili, vyote ni vya bara la Amerika. Kabla ya hapo wazee wetu walisonga ugali wa mtama na ulezi. Mimi bado napanda mtama kwa sababu unavumilia ukame kuliko mahindi, lakini wanangu hawautaki, wanasema ugali mwekundu unawaaibisha mbele ya wageni.

Binti wa Bujora
Hayo ya mahindi nimeyapokea, ila michembe siwezi kuiachia. Bibi yangu alikuwa akimenya viazi vitamu, akivikata vipande na kuvianika juu ya jiwe hadi vikauke, kisha akavihifadhi kwa ajili ya miezi ya njaa. Matobolwa alivichemsha kwanza ndipo akavianika. Mmea unaweza kuwa umetoka Amerika, lakini ujuzi huo ni wa Usukumani, na mwalimu anayelikata jina la michembe kwa kalamu nyekundu angekaribishwa kwa bibi angepewa somo la kwake.

Nahodha Mstaafu
Mmeyashughulikia mashamba, nami niseme ya majini. Vijana wengi wanajua kwamba sangara aliletwa katika ziwa hili letu la Victoria miaka ya 1950 kutoka Ziwa Albert, kwa kuanzia upande wa Uganda. Wasichojua ni kwamba sato naye ni mgeni wa miaka hiyo hiyo. Samaki wa jamii yake aliyekuwa wa hapa tangu zamani ni ngege. Nyavu za makila zilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, ngege akavuliwa kupita kiasi, na sato akapandikizwa ili kuziba pengo hilo. Mgeni akastawi, mwenyeji akazidi kupungua, na leo ngege amebaki zaidi katika maziwa madogo ya pembeni. Nilipokuwa kijana nikivua visiwani Ukerewe, wazee walimtambua ngege kwa kumwonja tu, na walimsifu kwa namna ambayo sijasikia sato akisifiwa.

Dada wa Pasiansi
Mleta mada, naona kuna jambo unatuficha. Mteja akikataa orodha, mpishi huandika nyingine, wala halali macho kwa hilo. Unaogopa nini hasa?

Mpishi wa Kirumba (mleta mada)
Dada, ni kweli kuna karatasi. Mwalimu aliandika makubaliano yenye sharti kwamba chakula kisicho na asili ya bara hili hakitalipiwa, nami nikasaini, kwa kuwa niliamini kwamba ugali na sato havina mjadala. Malipo ya awali nimekwisha kuyatumia: sato wako kwenye friza na michembe imo guniani. Kwa maoni yangu sikukosea, maana mtu yeyote wa Mwanza akisikia chakula cha asili huwaza vitu hivyo hivyo. Nimefikiria kumpikia kama nilivyopanga, kisha nimwombe awaulize wageni wake kama hawakula chakula cha kwao.

Mhakiki wa Nyamagana
Hii ni chai, na chai yenyewe asili yake ni Uchina. Ni mteja gani anayeandika mkataba wa namna hiyo kwa ajili ya sherehe ya familia? Isitoshe, miezi michache iliyopita mleta mada alitoa ushauri humu juu ya kuziba boti inayovuja, akajitambulisha kuwa fundi boti. Leo amekuwa mpishi. Nadhani amesoma mahali fulani historia ya mahindi, akaitungia kisa ili tuisome.

Mpishi wa Kirumba (mleta mada)
Mimi ni fundi boti hadi leo. Mgahawa ni wa mke wangu, ambaye amekwenda Bariadi kwenye msiba, nami nilibaki nikiuangalia. Karatasi niliisaini akiwa hayupo na bado hajui, wala sikuona sababu ya kumsumbua akiwa katika majonzi.

Mama Mlezi
Basi swali lako halikuhusu Meksiko hata kidogo. Mwanangu, mpigie mke wako leo, umpe pole ya msiba kwanza, kisha umweleze yote kabla mwalimu hajafika mgahawani na karatasi yake.

Mhakiki wa Nyamagana
Bado siamini. Lakini kama ni kweli, badilisha orodha uweke kuku wa kienyeji.

Mkulima wa Magu
Kuku wa kienyeji ni kizazi cha kuku-mwitu wa Asia ya Kusini-Mashariki, ndugu Mhakiki. Ndizi nazo zilitoka huko huko. Mwalimu atakucheka.

Binti wa Bujora
Kwa kipimo hicho hakuna taifa litakalobaki na chakula. Waitalia hawakuwa na nyanya hadi karne ya 16, viazi vya Waairishi vilitoka milima ya Andes, na Wahindi hawakuijua pilipili kali hadi Wareno walipoipeleka kutoka Amerika. Hakuna anayemnyang'anya Mwitalia mchuzi wake. Karne 4 za kulima, kupika na kulea watoto kwa chakula hicho si kitu cha kufutwa kwa kalamu.

Nahodha Mstaafu
Binti, hoja yako ni nzuri mahakamani, lakini huyu bwana amesaini kuhusu asili ya bara, hakusaini kuhusu mazoea. Upande wa samaki, ampikie dagaa wa hapa. Ni wa ziwa hili tangu enzi na enzi, na leo ndio wanaoongoza kwa uzito katika samaki wote wanaovuliwa humu. Kamongo na kambale pia ni wenyeji, ingawa kamongo wapo wasiomla kabisa, hivyo aulize kwanza. Ugali uwe wa mtama. Mboga iwe majani ya kunde na mgagani, na kunde zenyewe zichukue nafasi ya maharage. Baadaye awape tikiti maji, ambalo asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Afrika, hata mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun huko Misri. Mwalimu wa historia akiambiwa hilo huenda akasahau ada ya sato.

Mpishi wa Kirumba (mleta mada)
Nahodha, nashukuru, dagaa nitawanunua Mwaloni alfajiri. Sato watabaki kwenye friza kwa wateja wa kawaida, ambao hawajawahi kuniuliza pasipoti ya samaki. Ila michembe nitaipeleka hata kama sitalipwa, na nitamweleza mwalimu habari za bibi yake Binti wa Bujora. Kilichobaki ni ulezi wa uji, kwa kuwa dukani nilipoulizia wana unga uliochanganywa na mahindi na soya tu.

Dada wa Pasiansi
Ulezi mtupu ninao, na nausaga mwenyewe. Mwambie mke wako anipigie, kwa kuwa bei nitapatana na mwenye mgahawa.