Kumwachia mwanafunzi achague rangi ya uzi: kuna kinachobadilika kichwani?

FundiKariakoo:
Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha vijana wanne ushonaji hapa Kariakoo, na kazi yao ya kwanza ni kupiga mishono iliyonyooka juu ya vipande vya kitambaa hadi mkono uzoee cherehani. Mwezi uliopita nilimwachia kila mmoja ajichagulie rangi ya uzi, jambo ambalo halipunguzi ugumu wa kazi hata chembe. Tangu siku hiyo, binti mmoja aliyekuwa akinuna kila mshono unapopinda huchukua wembe, akafumua na kuanza upya bila kuambiwa. Je, ni bahati tu, au uchaguzi mdogo namna hiyo unagusa ubongo kweli?

MwalimuMstaafu:
Sidhani kama ni bahati. Mwaka 2015 mtafiti wa saikolojia Kou Murayama na wenzake walichapisha utafiti unaokaribiana sana na uzi wako: watu walilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakatakiwa kusimamisha saa inapofika sekunde 5 barabara. Mara nyingine walijichagulia sura ya saa, mara nyingine sura hiyo ilichaguliwa kwa niaba yao. Mchezo ulikuwa uleule, lakini walipojichagulia walilenga vizuri zaidi. Lililonivutia zaidi ni habari ya kukosea. Walipochaguliwa sura ya saa, sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo huhusika na kupima thamani ya mambo, ilififia walipooneshwa kuwa wamekosa. Walipojichagulia haikufifia, kana kwamba kosa lenyewe limekuwa taarifa ya kufanyia kazi. Hapo ndipo ninapomwona binti yako na wembe wake.

MamaWatatu:
Mwalimu, shikamoo. Naomba tusiharakishe. Mwaka 1999 wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper walionesha, huko Marekani, kwamba watoto wa miaka 7 hadi 9 wenye asili ya Ulaya walifumbua mafumbo ya maneno vizuri zaidi walipojichagulia aina ya mafumbo, ilhali wenye asili ya Asia walifanya vizuri zaidi walipoambiwa kuwa mama zao ndio waliowachagulia. Kwetu hapa, ambako shangazi hukuchagulia kitambaa cha sare ya harusi na ukakivaa kwa furaha, ningependa kumuuliza fundi: wamebadilika wote wanne?

FundiKariakoo:
Mama, umenishika pabaya. Ni watatu. Wa nne alisimama mbele ya boksi la nyuzi kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimchagulie mimi. Nilimpa bluu, na mishono yake ndiyo iliyonyooka kuliko ya wenzake.